Mzee Solo na Redio ya Vitufe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria motoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na mtu huyu alitusikiliza sisi kuliko sisi tulivyomsikiliza yeye. Wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Solo. Amefariki wiki iliyopita, ndani ya gari lake, uani kwake, mchana kweupe, watu wakiwa jirani. Narudia, maana hapo ndipo penye kisa: mchana kweupe, watu wakiwa jirani.

Kwa kawaida kipindi hiki kinampamba marehemu. Tunasema alikuwa mcheshi, alipenda watu, pengo lake halizibiki. Leo binti yake ameniomba nisipambe. Ameniambia, "Simulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya." Basi nitasimulia kama ilivyokuwa. Anayetaka kubembelezwa, atafute kituo kingine kwa muda huu.

Mzee Solo alikuwa mpiga gitaa. Jina hilo la utani lilitokana na gitaa la solo alilolipiga ujanani, katika bendi ya kiwanda cha nguo. Mchana alitengeneza mitambo ya kufumia, jioni alipiga muziki. Bendi ile ilirekodi wimbo mmoja. Wimbo mmoja tu, na aliyeutunga ni yeye. Aliutunga kwa ajili ya mchumba wake, aliyekuwa mshona vifungo katika kiwanda hicho hicho, na ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Santuri moja wakabaki nayo. Nyingine wakaileta hapa, kituoni kwetu. Haikupigwa. Hakuna aliyeikataa, wala hakuna aliyeikubali. Ilipokelewa mlangoni, na habari zake zikaishia mlangoni.

Ndipo akanunua gari. Wasikilizaji wapendwa, wengine hununua gari kwa ajili ya safari, wengine kwa ajili ya majirani. Yeye alinunua gari kwa ajili ya redio iliyokuwa ndani yake. Lilikuwa gari la zamani hata siku hiyo aliyolinunua: la milango miwili, rangi ya maziwa, usukani mwembamba, taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Redio yake ilikuwa na vifundo viwili na vitufe vitano vya kubonyeza. Ukiiwasha, unangoja kwanza ipate joto ndipo iseme. Haina pa kuweka kaseti. Haina pa kuchomeka waya. Redio ile inajua kazi moja, kupokea kinachorushwa.

Akamwambia mkewe kwamba siku wimbo wao utakapopigwa watausikilizia humo, mkewe pale, yeye hapa. Kitufe cha kwanza akakiweka kwenye kituo chetu, vile vingine vinne hakuvigusa tena. Mkewe alikaa katika kiti kile cha abiria miaka na miaka, akisikiliza salamu zetu, matangazo yetu ya sabuni na nyimbo za watu wengine. Akafariki hajausikia. Tangu hapo kiti cha abiria hakikukaliwa na mtu. Hata binti yao alikunja kiti, akapenya nyuma, akakaa huko kama mteja wa teksi.

Gari lilikuwa na ukaidi wake. Mlango wa dereva haukufunguka kwa ndani. Kishikio kilivunjika zamani, na Mzee Solo hakukubali kuweka kishikio ambacho si cha gari lile. Kwa hiyo alizungusha kioo, akatoa mkono, akajifungulia kwa nje. Na upande wa abiria gari lilikuwa limeegeshwa likigusana na ukuta. Kumbukeni mlango huo wa dereva.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na gereji. Humo alifanya kazi mkwewe, mume wa binti yake, fundi umeme wa magari ambaye kila mtu anamwita Waya. Mkwe huyu na mkewe waliishi na mzee nyumba moja, wakila meza moja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakukosea hata herufi.

Waya ana ufundi wake mmoja ambao unajulikana mji mzima. Wenye magari ya kizamani wanapenda kusikiliza muziki wao wenyewe, lakini hawataki dashibodi itobolewe na redio ya mwanzo ing'olewe. Waya anawatengenezea kidude kidogo, cha ukubwa wa pakiti ya sigara. Muziki wako unauweka humo. Kidude kinaurusha hewani, mbali kidogo tu, na redio ya zamani inaupokea ikidhani umetoka mnarani. Hakuna kilichotobolewa, na mwenye gari anaondoka anaimba.

Waya alimwomba mzee akubali kuwekewa na yeye. Mzee akakataa, na jibu lake binti analikumbuka neno kwa neno. "Kujipigia mwenyewe si redio," alisema. "Hata mwehu anajipigia. Redio ni mtu mwingine akuchague." Hicho ndicho alichokuwa anakingoja, wasikilizaji wapendwa. Mtu mwingine amchague.

Sasa kulitokea kipindi gereji ikakosa kazi, na fundi asiye na kazi ni hatari kuliko nyoka. Pale gereji kuna mpiga rangi, mtu wa masihara, fundi wa kuiga sauti. Anaiga mwenye gereji, anaiga mashine ya hewa, ananiiga mimi. Siku moja akamwambia Waya, kwa nini tusimpigie mzee wimbo wake? Waya akacheka. Jioni akamwomba mkewe ile santuri iliyokuwa chini ya kitanda cha mzee, akamwambia wanataka kumfurahisha baba. Binti akaitoa. Hakulazimishwa, ameniambia mwenyewe. Aliipangusa vumbi na kumkabidhi.

Wakaunakili wimbo. Mpiga rangi akarekodi maneno ya utangulizi kwa sauti yangu. Kidude kikafichwa chini ya kiti cha dereva, kikaunganishwa na betri, na rimoti ya king'ora cha gari, ya kukiwashia kwa mbali, ikawa mfukoni mwa Waya. Pale karibu na gari, kidude kile kilizidi nguvu hata mnara wetu.

Jioni moja mzee amekaa garini anapunga upepo, redio inaongea kwa chini. Waya akabonyeza. Redio ikasema: "Wasikilizaji wapendwa, sasa tunawaletea wimbo uliotufikia zamani, na ambao haukustahili kusahauliwa." Nimeisikiliza rekodi hiyo. Mpiga rangi ananiiga vizuri sana. Ila katikati kuna kikohozi kidogo, na mimi sikohoi hewani.

Gitaa likaingia. Mzee Solo hakupiga kelele. Alishika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayeendesha kwenye barabara mbovu, na gari limesimama. Kisha mkono mmoja ukaacha usukani, ukaenda kwenye kiti cha mkewe, ukabaki pale. Nyuma ya ukuta Waya na mpiga rangi walikuwa wamepanda juu ya matairi, wameng'ata vitambaa vya kufutia mikono ili kicheko kisiwatoke.

Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni. "Nilimwona anakipapasa kiti cha mama," aliniambia. "Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikajiambia, mwache amalize wimbo kwanza." Wimbo ukaisha. Mzee akazima redio, akashusha kioo, akamwambia, "Mama yako amechelewa kidogo tu."

Baada ya maneno kama hayo, nani angeanza kusema ulikuwa mzaha? Hakuna aliyesema. Na kwa kuwa hakuna aliyesema, mzaha ukaendelea. Wakamvika mzee kilemba cha ukoka, na kila wiki wakakiongeza urefu. Mpiga rangi akarekodi utangulizi mwingine: wasikilizaji wengi wameuomba tena wimbo huu. Kisha mwingine: simu zinaingia bila kukoma. Mzee akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Akaliosha gari. Kwa kinyozi akawauliza watu kama wamesikia, wakasema hapana, akawahurumia. Siku hizi watu hawasikilizi redio, aliwaambia, wanashinda na simu zao tu. Gereji walikuwa wakisimuliana hayo huku wameshika mbavu.

Wasichokifikiria ni kitu kimoja. Mtu aliyelelewa vizuri, ukimtendea wema, atakuja kushukuru.

Akaja hapa. Amevaa suti ya harusi yake, imembana mabegani, viatu vinang'aa. Mlinzi akaniita, nikashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono asiuachie. Akasema amekuja kunishukuru, kwamba alidhani tumemsahau. Nikamuuliza wimbo gani, mzee wangu? Akanitajia. Nikamwita mama anayetunza maktaba yetu ya muziki. Akaenda, akatafuta kwa muda mrefu, akarudi mikono mitupu. Wimbo huo hatukuwa nao. Hata katika zile za zamani kabisa, hatukuwa nao.

"Lakini unaupiga wewe," mzee akaniambia. "Kwa sauti yako."

"Mzee wangu, sijawahi kuupiga."

Alinitazama. Kisha akaniomba jambo dogo. "Hebu sema 'wasikilizaji wapendwa'." Nikasema, pale pale mapokezi, mbele ya mlinzi. Alifumba macho, akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Akatikisa kichwa. "Yule anakohoa," akasema. "Kikohozi kikavu. Kikohozi cha rangi." Sikuelewa. Yeye alikuwa ameshaelewa yote. Aliuachia mkono wangu, akaniomba radhi kwa usumbufu, akaondoka.

Alipofika nyumbani akaingiza mkono chini ya kiti, akakikuta kidude. Hakukitoa.

Kesho yake gereji walikuwa kazini, redio yao imewashwa kituo chetu kama kawaida. Ghafla mimi nikakatika, ikaingia sauti ya Mzee Solo. Kile kidude kina kipaza sauti kidogo cha kusemea, Waya alikiweka kwa ajili ya majaribio, na mzee, aliyeshika mitambo maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa. Alipunguza kwanza sauti ya redio yake ili isipige mluzi, akabonyeza, akasema: "Tangazo. Anatafutwa mpiga rangi mwenye kikohozi. Alionekana mara ya mwisho amevaa sauti ya mtu mwingine. Atakayemwona ampe maji."

Kwanza wakakauka. Kisha wakacheka mpaka wakakaa chini. Waya ameniambia walishukuru. Waliona mzee amejua, na ameamua kuucheza mchezo, basi yameisha. Na mzee akaendelea, kila siku. Aliwatangaza mafundi mmoja mmoja, uvivu wao, nguo zao, na wake zao wanavyowasema sokoni. Ulimi wake ulikuwa wembe. Alitangaza hata kifo chake mwenyewe: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Solo, kilichotokea leo alipoonja chai ya nyumbani kwake. Mazishi yatafanyika marehemu akishamaliza kikombe." Gereji wakalipenda hilo kuliko yote. Wakawa wanaliomba. Mzee, kufa basi leo, wanamwambia kwa juu ya ukuta, na mzee anakufa. Alikufa kwa kelele za mashine yao. Alikufa kwa kusikia bei ambayo mkwewe anawatoza wateja. Na kila akifa, wanampigia makofi.

Lakini kwa binti yake haukuwa mchezo. Ndani ya nyumba mzee aliacha kabisa kusema naye. Akimsalimia, haitiki. Akimwekea chakula, anakula kama yuko peke yake. Neno lake lote alilipitisha redioni, na jikoni kulikuwa na redio. "Tangazo kwa binti wa Mzee Solo. Chumvi imezidi." "Anatafutwa binti aliyetoa santuri ya mama yake bila ruhusa. Mwenye taarifa asijisumbue, baba yake anazo." Kumpigia mtu kelele ni jambo moja. Kumtangaza ni jingine, maana majirani wa ukuta wa pili nao walikuwa na redio.

Siku moja binti akaenda mpaka kwenye kioo cha gari. Akamwambia, "Baba, nimekosa. Niseme, nipige, lakini niite kwa mdomo wako. Mimi si msikilizaji." Mzee akapandisha kioo. Binti akarudi jikoni, akaapa kwamba kwa redio hataitika tena.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike siku yenyewe. Ilikuwa mchana kweupe. Mpiga rangi alikuwa anapuliza rangi kwenye boneti la gari la mteja, ukungu wake unavuka ukuta, na mzee alikuwa amefunga vioo vyote asiingiwe na harufu. Gereji walikuwa wengi. Redio yao imewashwa. Mimi nikakatika, ikaingia sauti ya mzee.

"Kifua kinanibana," alisema. "Njooni mnifungulie mlango."

Wakatabasamu. Waliona leo ameanza vizuri. Mpiga rangi akazima mashine ili asikose neno, akaongeza sauti ya redio. Mzee akasema tena kwamba mkono haumtii, kioo hawezi kukizungusha, wamfungulie. Waya akapaza sauti kwa juu ya ukuta: "Tunakusikia, mzee. Endelea." Ukuta wenyewe ukisimama juu ya tairi unauona upande wa pili. Siku ile hakuna aliyepanda juu ya tairi.

Mzee akanyamaza, wakasikia anavyopumua. Wakaambizana leo kapatia hata pumzi. Kisha akasema maneno ya mwisho, na hayakuwa ya gereji. "Hili si tangazo," alisema. "Mwanangu, njoo."

Jikoni, binti alisikia. Nitawapa maneno yake kama alivyonipa, maana hakutaka niyapunguze. "Alikuwa hajaniita mwanangu tangu siku aliyotoka kwenu na ile suti," alisema. "Nikafurahi. Nikasema, ameanza kulainika, ila bado ananiita kwa redio. Safari hii aje aseme hapa, mbele yangu. Nikanyoosha mkono, nikazima redio."

Gereji walingoja kidogo. Sauti ya mzee haikurudi, nikarudi mimi, nao wakarudi kazini. Mpiga rangi akamalizia boneti.

Baadaye binti alitoka na kikombe cha chai, kama alivyotoka kila siku, akiwa amenuna au amecheka. Huwa anakiweka juu ya boneti na kugonga kioo. Akagonga. Mzee alikuwa ameegemea upande wa abiria, mkono mmoja uko kwenye kiti cha mkewe. Binti akafungua mlango. Kwa nje ulifunguka mara moja, bila taabu yoyote. Redio ilikuwa bado inaongea kwa sauti ya chini. Ilikuwa ni mimi, nasoma salamu, nachekacheka na msikilizaji mmoja kwenye simu. Safari hii nilikuwa mimi kweli.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa binti wa marehemu. Natoa pole kwa Waya, ambaye tangu siku ile hajagusa bisibisi, na kwa mpiga rangi, ambaye amekuja hapa kunieleza yote akilia, na sikujua nimshike bega au nimfukuze. Natoa pole kwa wote waliopiga makofi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, tunalisema hilo tangu utotoni, tunawaambia watoto, halafu tunaenda kazini na kupanda juu ya matairi. Kama kuna mtu nyumbani kwako amezoea kukuita kwa utani, au kwa hasira, au kwa njia usiyoipenda, leo akikuita, nenda. Nenda kwanza, mgombane ukishafika. Na kama wewe ndiye unayemnunia mwanao, mwite kwa mdomo wako wakati mdomo bado upo.

Kipindi hiki huisha kwa wimbo. Ile santuri iko hapa mezani, mbele yangu. Binti aliileta mwenyewe tuione, na fundi mitambo wetu alikuwa ameshaiweka tayari. Nilimwomba ruhusa tuupige leo, hatimaye, kwa mnara wetu wa kweli, mji mzima usikie. Nilidhani nampa zawadi.

Akaniambia hapana. Akasema baba yake alitaka kuchaguliwa akiwa hai, na ya leo si kuchaguliwa, ni kuoneana haya. "Mkiupiga mtajisikia vizuri," alisema. "Mtalala. Mimi sitaki mlale."

Kwa hiyo hatutaupiga. Nitamrudishia santuri yake nikitoka hapa. Wasikilizaji wapendwa, muda wa wimbo uliobaki nauacha hivi hivi, kimya, na asizime mtu redio.